Wageni tunawapigia makofi, kisha hatuwaoni tena: tunakosea wapi?

Mzee wa Mlangoni aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Nanyi mnaosoma hapa bila kuwa Wakristo, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ulio pembezoni mwa Dar es Salaam, upande ambao miaka kumi na mitano iliyopita ulikuwa mashamba ya mihogo na mikorosho, na leo umejaa nyumba za kupanga. Zamu yangu ni ya mlangoni. Baraza la Wazee limenitaka niandike mapendekezo ya namna ya kuufanya usharika wetu uwe mahali ambapo mtu wa nje anaweza kuingia na akakaa, nami nimeona niwaulize kwanza watu wasionijua, kwa sababu wanaonijua hunijibu kwa adabu mno.

Utaratibu wetu ni huu. Wakati wa matangazo, ambayo siku nyingine huwa marefu kuliko mahubiri, kiongozi wa ibada huwaomba wageni wasimame. Kila mmoja hupewa kipaza sauti, akataja jina lake, anakoishi na usharika aliotoka, kisha sisi tunapiga makofi na kwaya inaimba ubeti mmoja wa kumkaribisha. Ibada ikiisha, wageni huitwa ofisini, wakapewa soda na kuandikwa katika daftari. Ukitazama hivyo huoni kosa. Lakini mwezi uliopita nililiweka daftari hilo kando ya rejista ya washarika nikalinganisha, na majina yaliyovuka kutoka huku kwenda kule ni machache kiasi cha kunitia aibu.

Nikisema wageni, sina maana ya watu wa aina moja. Yuko Mlutheri aliyehamia kutoka Bukoba au Machame, ambaye anazijua nyimbo zetu kuliko sisi. Yuko kijana wa bodaboda ambaye hajakanyaga kanisani tangu siku ya kipaimara chake. Yuko aliyelelewa katika dhehebu jingine na asiyejua ni lini tunasimama na ni lini tunakaa. Yuko binti aliyezaa kabla ya ndoa, anayejua tayari tutakachomwuliza. Yuko na jirani Mwislamu aliyekuja kwa ajili ya harusi, akaketi benchi la mwisho karibu na mlango, ambako mimi ndiye ninayemwona.

Ninaomba msaada wenu katika mambo matatu. Kwanza, je, kumsimamisha mgeni ni heshima au ni adhabu? Pili, tufanye nini kuhusu barua ya utambulisho kutoka usharika alikotoka mtu, ambayo bila hiyo hatumwandiki mtu kuwa msharika? Tatu, ni wakati gani unafaa kumpa mtu bahasha za sadaka na ahadi, maana kwetu hupewa mapema sana, na nina wasiwasi kwamba wengine hudhani ndilo jambo tulilowaitia.

Niongeze jambo moja ambalo sijui nilifanyie nini. Mahali pekee ambapo nimewaona wageni wakicheka kwa moyo ni nje, kwenye mnada wa sadaka za mazao. Mtu asiyemjua yeyote ananunua papai kwa bei ya kichekesho, analirudisha linadiwe tena, na kwa dakika tano anakuwa mtu wa nyumbani. Kisha mnada unaisha, anaondoka.

Mpangaji alijibu:

Shikamoo mzee. Umeuliza swali ambalo nimelibeba kwa miaka minne, kwa hiyo utanisamehe nikirefusha.

Nilikuja Dar es Salaam kutoka Iringa kufanya kazi kiwandani, na nimesimamishwa mbele ya makanisa matatu. Nianze na hilo. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, yaani hata akinyamaza anaonekana, na kila hatua yake inatazamwa. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kipaza sauti ili aonekane. Mara ya kwanza nilipoulizwa nimetoka usharika gani, nilitaja kwa sauti ya kutetemeka, na mama mmoja akauliza kutoka kwenye kiti chake, mbele ya watu wote, kama nimekuja na mume. Hakukusudia ubaya, na nina hakika alikuwa akitafuta neno la kunizungumzisha. Lakini Jumapili iliyofuata sikwenda, na iliyofuata nilikwenda kanisa jingine ambako niliingia wakati wa wimbo wa kwanza na kutoka wakati wa wimbo wa mwisho, kusudi nisikutwe na mtu.

Kuhusu bahasha, wasiwasi wako ni wa kweli. Katika usharika huo wa pili niliandikwa wiki ya tatu katika jumuiya, yaani kikundi cha washarika wanaosali majumbani, na siku hiyohiyo nilipewa bahasha zenye namba, karatasi ya ahadi ya jengo, na taarifa ya mchango wa harusi ya mtu ambaye sikumjua. Kulikuwa na watu wanane sebuleni. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninaishi na nani wala ninafanya kazi zamu gani. Nilipokosa wiki mbili mfululizo kwa sababu ya zamu ya usiku, nilipigiwa simu, nikafurahi sana kuona namba ya mwenyekiti wa jumuiya, na simu ilikuwa ya kunikumbusha mchango. Ninasema haya bila uchungu. Ninajua jengo halijengwi kwa nyimbo. Ninachosema ni kwamba mtu huyapima maneno ya kwanza anayoambiwa, na kama neno la kwanza ni fedha, hata la pili likiwa ni upendo halisikiki vizuri.

Kanisa la tatu ndilo nililokaa, na hawakufanya jambo lolote la ajabu. Walitangaza kwamba kama kuna mgeni anayependa kufahamika, atawakuta watu fulani chini ya mwembe baada ya ibada. Sikwenda chini ya mwembe. Jumapili ya pili, bibi mmoja niliyeketi naye benchi moja aliniambia, kana kwamba tulikuwa tumezungumza jana yake, kwamba Jumamosi ni zamu yao ya kufanya usafi kanisani na kwamba wamepungukiwa watu, hivyo nije na kanga ya kujifunga. Nilikwenda. Tulifagia, tukapiga deki, tukaosha vikombe vya ushirika, tukala mihogo. Wakati tunakamua matambara ndipo niliposimulia, bila kuulizwa, kwamba nina mtoto aliyebaki kwa mama yangu na kwamba sina ndoa. Bibi yule akasema, "Basi akija likizo utamleta," akaendelea kukamua.

Mzee wangu, sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na watu wengi huitumia methali hiyo kumsuta mgeni mvivu. Mimi naiona kwa upande wa pili. Mgeni asiyepewa jembe hata siku ya thelathini huwa ameambiwa kwamba hatarajiwi kukaa. Soda yenu ni nzuri, lakini soda hupewa mtu anayeondoka.

Mwinjilisti Mstaafu alijibu:

Dada uliyetangulia umesema vema, na habari ya jembe nitaichukua bila kukulipa. Nimetumika kama mwinjilisti kwa miaka thelathini na moja, sehemu kubwa vijijini, kwa hiyo nitajibu swali la barua, maana vijana wengi huliona kama urasimu mtupu na mimi nimeona kazi yake.

Barua ya utambulisho haikuanzishwa ili kumzuia mtu mlangoni. Katika miaka yangu ya kazi nimezuia ndoa tatu kwa sababu ya barua, na zote tatu bwana harusi alikuwa ameacha mke na watoto katika mkoa mwingine. Mabinti waliolia siku ile walikuja baadaye kushukuru, angalau wawili kati yao. Katika nchi ambayo mtu anaweza kupanda basi jioni na asubuhi akawa mtu mpya, kanisa lililokuwa likiandikiana barua na kanisa jingine lilimlinda mwanamke kuliko sheria yoyote aliyoifahamu. Kwa hiyo msiitupe.

Tatizo ni kwamba barua imehama kutoka mahali pake. Ilikuwa ya madhabahuni, kwa ajili ya ndoa, ubatizo wa mtoto na uongozi, nasi tumeileta mlangoni. Mtu hahitaji barua ili asikilize neno, aimbe, afagie, apelekewe uji akiugua, au jumuiya iende kwake akifiwa. Mwandikeni katika orodha ya wanaojongea, mwiteni kwa jina lolote mtakaloliona linafaa, na barua ifuate kwa wakati wake. Tena mzigo wa kuitafuta uwe wa usharika, kwa simu ya mchungaji kwa mchungaji, badala ya kumtuma mtu mwenye kipato cha kibarua asafiri hadi Bukoba kuchukua karatasi.

Kuhusu wale ambao kwa lugha yetu tunasema wanapaswa kurudi kundini, yaani waliozaa nje ya ndoa au wanaoishi pamoja bila kubariki ndoa, nitasema jambo ambalo halitawapendeza wazee wenzangu. Mara nyingi kinachowazuia wale wawili kubariki ndoa ni gharama ya sherehe, na gharama hiyo tumeipandisha sisi wenyewe kwa kudharau harusi ya siku ya kazi yenye mashahidi wawili na chai. Nimefungisha ndoa za namna hiyo katika ibada ya asubuhi ya kawaida, bibi harusi akiwa amevaa kitenge chake cha Jumapili, na ndoa hizo zimesimama. Usharika unaotaka kuwapokea watu hao na uanze kwa kutangaza kwamba jambo hilo linawezekana na kwamba halina aibu.

Neno la mwisho ni kuhusu lugha yetu ya ndani. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho sura ya 14, anawauliza kama mtu asiyeamini akiingia na kuwakuta wote wakinena kwa lugha, je, hatasema kwamba wana wazimu? Wengine tunawasomea ndugu zetu wa Kipentekoste mstari huo kwa furaha kidogo, tukisahau kwamba na sisi tunanena kwa lugha: tunasema liturgia namba fulani, tunasema TMW namba fulani, yaani kitabu chetu cha nyimbo Tumwabudu Mungu Wetu, tunasema CCT, yaani Jumuiya ya Kikristo Tanzania, na kijana wa bodaboda anatazama kushoto na kulia kutafuta mwenye kitabu.

Haki ya Neno alijibu:

Mimi nitapingana kidogo na mwelekeo wa mazungumzo haya. Kanisa si hoteli, na kipimo cha ibada si kuridhika kwa anayeingia. Nimeona sharika zilizofupisha liturgia, zikaleta vyombo vya muziki vya gharama, zikaacha kabisa kugusa dhambi mimbarini, na zilipata watu kwa mwaka mmoja, kisha watu haohao wakahamia kwa wenye vyombo bora zaidi. Mtu akikaribishwa kwa kufichwa kile tunachoamini, siku atakapokijua ataona amedanganywa, na atakuwa na haki.

Hata hivyo nakubaliana na mwinjilisti kuhusu harusi ya chai. Hilo halipunguzi fundisho lolote, linapunguza majivuno tu. Tena Waraka wa Yakobo sura ya 2 unatuhukumu waziwazi: mwenye pete ya dhahabu anaambiwa aketi mahali pazuri, maskini anaambiwa asimame pale. Katika usharika wangu, mgeni mwenye gari huonyeshwa mahali pa kuliegesha na watu wawili waliovaa fulana maalumu. Anayekuja kwa miguu hana mtu wa kumwonyesha chochote.

Jirani wa Tanga alijibu:

Assalaam alaykum, na kwa wasioitumia salamu hii, hamjambo nyote.

Mzee amewataja majirani Waislamu wanaoketi karibu na mlango, nami ni mmoja wao, kwa hiyo naomba nafasi. Sisi huku Tanga tumezaliwa pamoja. Katika ukoo wangu kuna mashangazi wawili Wakristo, na kwenye shughuli zao ni sisi tunaochinja, ili chakula kiwe cha wote na asiwepo wa kukaa pembeni na chupa ya maji. Desturi hiyo ni ya kawaida nchini kote, na wengi wenu mnaifuata bila hata kuifikiria. Nataka mjue kwamba kwetu inasema mengi. Mwenyeji aliyekumbuka kumwita mchinjaji amenikaribisha kabla sijafika.

Sasa niseme lile linalouma. Mwaka juzi nilikwenda kumzika jirani yangu, fundi seremala niliyefanya naye kazi miaka mingi. Tuliingia kanisani kwa heshima, tukavua kofia tulipoombwa, tukanyamaza. Mhubiri alisema maneno machache juu ya marehemu, kisha akageukia upande tuliokaa na kutuambia kwamba hii huenda ikawa nafasi yetu ya mwisho, na kwamba anayetaka kuokoka anyoshe mkono. Mjane alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwetu. Nilimwona akiinamisha kichwa, na nilielewa kwamba aliona aibu kwa ajili yetu. Tangu siku hiyo, vijana wetu wawili huishia nje ya geti msiba ukiwa wa Mkristo.

Simwambii mhubiri asihubiri dini yake ndani ya nyumba ya dini yake. Ana haki hiyo, na mtu akija kwangu msikitini siku ya Ijumaa atasikia khutba. Ninachosema ni kwamba nilikuja kumlilia mtu, na nilitumiwa. Kama kuna jambo ambalo makanisa yanaweza kulibadilisha bila kugusa itikadi yoyote, ni kumweleza mgeni wa dini nyingine, kwa sentensi moja ya mwanzo, nini kitafuata na kwamba anaweza kubaki ameketi pale ambapo wengine watasimama au kupiga magoti. Padri mmoja hapa kwetu hufanya hivyo katika kila mazishi na kila harusi. Husema, "Ndugu zetu Waislamu, asanteni kwa kuja, sehemu hii ni yetu, ninyi mtusubiri kwa utulivu." Hakuna anayekereka. Tunakaa, tunasubiri, na tukitoka tunabeba jeneza pamoja.

Mtu wa Kisauni alijibu:

Kutoka Mombasa nawasalimu. Nimewasoma wote na ningependa kukumbusha kwamba katika pwani yetu kanisa lenyewe lilianzishwa na watu wa nje, maana tukilisahau hilo tunajiona wenyeji kupita kiasi.

Karibu na ninapoishi pana mahali paitwapo Kengeleni, kwa sababu ya kengele ya Frere Town. Chama cha wamisionari cha CMS kilianzisha kijiji hicho mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Walitoka sehemu mbalimbali, wengi wao kusini kabisa, Wayao na Wanyasa na Wamakua, na baadhi ya walimu wao walikuwa Waafrika waliokombolewa wakiwa watoto na kulelewa Nashik huko India. Hawakuwa na kabila moja wala ukoo mmoja. Kilichowaunganisha kilikuwa Kiswahili, kengele, na kazi. Hali ilikuwa hivyohivyo Bagamoyo tangu mwaka 1868 chini ya mapadri wa Roho Mtakatifu, na hivyohivyo Unguja, ambako Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini lilijengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Waliosali humo mwanzoni hawakuwa na usharika wa kutaja wala barua ya kuonyesha.

Ninalileta jambo hili kwa sababu ya lugha. Kanisa letu lina ibada ya Kiingereza, ya Kiswahili, na siku za karibuni kumezuka ibada ya lugha ya kabila moja lenye watu wengi na michango mikubwa. Hiyo ya tatu ina uchangamfu kuliko zote, sikatai, na mtu ana haki ya kumwomba Mungu kwa lugha ya mama yake. Lakini vikao vya baada ya ibada navyo vimehamia katika lugha hiyo, na maamuzi hufanyikia huko. Mjomba wangu Mgiriama, aliyebatizwa katika kanisa hilo kabla ya hao wote kuhamia Mombasa, sasa ni mgeni katika kanisa lake. Husalimiwa vizuri sana.

Kuna na hili la ulinzi. Baada ya waumini kupigwa risasi kanisani Likoni mwezi Machi 2014, makanisa mengi ya hapa yaliweka walinzi na vifaa vya kukagulia, na sina la kulaumu, watu walikufa. Ila mjue kwamba anayemkaribisha mgeni kwa mara ya kwanza ni mlinzi, na mlinzi amefundishwa kumshuku kila asiyemfahamu. Kanzu na buibui hukaguliwa mara mbili. Sisi tuliamua kumweka mama mmoja wa kanisa getini pamoja na mlinzi, kila Jumapili, kazi yake ikiwa kusema "karibu" kabla mfuko haujafunguliwa na kumsindikiza mtu hadi kwenye kiti. Ukaguzi ni uleule. Malalamiko yamepungua.

Mtoto wa Nyarugusu alijibu:

Nimekulia katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yetu tuliokimbia vita vya Kongo, na sasa naishi Marekani. Nimekuwa mgeni maisha yangu yote, kwa hiyo nitaongeza jambo moja tu.

Tulipofika huku, kanisa moja la wazungu lilitupokea kwa wema ambao sitausahau. Walitupa makoti, vitanda, walimu wa lugha, na ukumbi wa chini kwa ajili ya ibada yetu ya Kiswahili saa nane mchana, baada ya ibada yao kwisha na kahawa kunywewa. Tumekaa katika ukumbi huo miaka saba. Tuna funguo. Tunawaimbia kwenye sikukuu yao ya mataifa, tukiwa tumevaa vitenge, na wanapiga makofi. Mpaka leo hakuna hata mmoja wetu aliyemo katika baraza linaloamua jinsi jengo linavyotumika, na walipobadilisha saa yetu ya ibada tulijua kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Nimekuwa nikisoma Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume wangeweza kuwaomba radhi na kuwaongezea chakula. Badala yake kanisa lilichagua watu saba wa kusimamia huduma hiyo, nami naomba myatazame majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote saba ni majina ya Kiyunani. Ghala lilikabidhiwa upande wa walionung'unika, na wa mwisho katika orodha hakuwa hata Myahudi wa kuzaliwa.

Yule dada wa kiwandani alipewa ufagio, na ulimtosha kuanza. Lakini ufagio nao unaweza kuwa wa kudumu. Kwetu huku wageni wamekuwa wakifagia kwa miaka saba.

Mzee wa Mlangoni alijibu:

Nimewasoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na mke wangu, ambaye alisema kwamba maswali yangu yote matatu yalihusu siku ya kwanza na majibu yenu yote yanahusu mwezi wa pili. Nadhani ana haki.

Haya ndiyo nitakayoyapeleka kwenye Baraza Jumatano. Kusimamisha wageni kukome. Watu wawili wakae nje baada ya ibada kwa yeyote anayetaka kufahamika, na wakae karibu kabisa na mnada, kwa kuwa huko ndiko watu hucheka. Barua iombwe kwa ndoa, ubatizo na uongozi tu, na aitafute mchungaji kwa simu. Bahasha zisitolewe na jumuiya kabla mtu hajatembelewa nyumbani kwake angalau mara moja, kwa jambo lisilohusu fedha. Katika mazishi na harusi, anayeongoza awaeleze wageni wa dini nyingine mapema kitakachofuata, na wito wa kuokoka usitolewe mbele ya jeneza. Hili la mwisho litaleta ubishi, na ninamshukuru jirani wa Tanga kwa kunipa maneno ya kulitetea. Naomba aniombee radhi kwa yule mjane, kama wanaonana. Harusi ya chai mwinjilisti amenitangulia. Mchungaji wetu tayari amekubali, na anatafuta wawili wa kuanza nao.

Lililobaki gumu ni la ndugu wa Nyarugusu. Mwakani tuna uchaguzi wa wazee wa kanisa, na kwa desturi yetu isiyoandikwa popote majina hutoka katika familia zilezile zilizonunua kiwanja cha kanisa. Mimi mwenyewe ni wa familia hizo. Nimelitazama lile daftari la wageni tena, safari hii nikitafuta jina la mtu ninayeweza kumwachia zamu yangu ya mlangoni. Nimepata mawili. Mmoja ni kijana wa bodaboda, na simu yake haipatikani; kesho nitakwenda kumtafuta kijiweni kwake.